Koti Halikunjwi

3 Juni

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta unapumua bila kugombana na mtungi. Nimemkabidhi dereva wa mitungi ya oksijeni mkononi, maana simu siku hizi zina masikio mengi kuliko midomo, na mtandao umezimwa tangu wiki iliyopita. Anasema magari ya hospitali bado yanapita vizuizini. Askari wakiona mitungi wanakumbuka kwamba nao wana mama zao.

Umeshasikia kwamba Kiongozi anarudi kutoka uhamishoni. Serikali imetia sahihi kibali, ingawa wapo askari wanaosema wazi kwamba hafiki uwanja wa mapokezi akiwa hai. Kuta zote za mtaa wetu zimeandikwa kwa chaki: KOTI LINARUDI. Usiku vijana wa marungu wanafuta, asubuhi maandishi yapo tena, makubwa zaidi.

Sasa sikia. Jumatano Katibu wa Kamati ya Mapokezi aliingia dukani. Ni yule yule rafiki yako wa zamani, sasa ana mvi na fimbo, lakini bado anaongea kama anayesoma hukumu ya mwenzake. Alisimama mbele ya picha ya Baba, akavua kofia, akainamisha kichwa mpaka nikaona aibu kuwa na pini mdomoni. Kisha akasema, “Mwana wa shujaa, Kiongozi hapandi jukwaani na nguo za ugenini. Anataka koti la kijivu kama lile alilomshonea baba yako, kutoka duka lile lile.”

Mama watoto ndiye aliyejibu, “Atashona.”

Vipimo alivileta kwenye karatasi. Nilipovisoma nilidhani nimepimwa mimi nikiwa nimesinzia: kifua changu, mabega yangu, mkono wangu. Mama watoto akasema, “Afadhali, mteja akikimbia utalivaa mwenyewe.” Lakini si wewe uliyekuwa ukisema Baba na Kiongozi walilingana kama vikombe vya seti moja? Na mimi nimerithi mwili wa Baba, kwa hiyo mambo yamekaa sawa. Nitaacha nguo ya ziada ndani ya mishono. Ikiwa ugeni umemnenepesha, nitafumua na kupanua.

Kamati ina gari jeupe na dereva kijana anayeitwa Kasuku kwa sababu hanyamazi. Alimkumbatia Bwana Kimya, lile sanamu la Baba la kuvalishia nguo, lisilo na kichwa, akamuuliza, “Mzee, mbona huongei, au na wewe simu yako inasikilizwa?” Nilicheka mpaka Katibu akanikazia macho.

Siku ya mapokezi gari hilo litanifuata dukani, na koti nitalipeleka kwa desturi yetu. Unaikumbuka. Baba hakukunja koti la mteja. Alisema koti likikunjwa mara moja linajifunza, na halisahau. Alilivaa mwenyewe, akatembea nalo hadi mlangoni kwa mteja, akalivua likiwa bado na joto. Nami wateja tunaolingana mwili nawafanyia vivyo hivyo. Kiongozi atalivaa likiwa na joto la mtoto wa Baba.

Mwanao,
Fundi


5 Juni

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Anayeandika ni dada yako, mimi nasema tu, kwa kuwa mwandiko wangu umekuwa kama wa kuku. (Si kuku. Jogoo aliyelewa. — Dada yako.)

Nimefurahi kwa kazi uliyopewa. Nina maswali machache, ujibu kama shahidi, bila kuongeza chumvi. Vipimo vile viliandikwa na nani? Je, kabla ya Jumatano Katibu au mtu wake aliwahi kuja dukani, akajifanya mteja, akakutazama? Na Kiongozi umemwona katika picha ya karibuni?

Mimi nimeiona moja, kwenye gazeti lililofungiwa dawa zangu. Amenenepa. Kidevu kimemeza shingo, na tumbo limetangulia mbele kama mpambe. Mtu yule hawezi kufunga hata kifungo kimoja cha koti lenye mwili wako, hata ufumue mishono yote.

Kwa hiyo nakuomba uikatae kazi. Sema una homa, sema cherehani imeharibika. Ukishindwa kukataa, shona, lakini usilipeleke wewe. Walifuate wenyewe, walikunje wapendavyo. Au acha vyote uje huku na mama watoto mpaka siku hiyo ipite. Hali yangu si nzuri, na ningependa kukuona.

(Hali yake ni ile ile, jana alinigombeza kwa sababu ya supu. Lakini kweli njoo. Tangu asome barua yako anauliza ni saa ngapi kila wakati, kama mtu mwenye kesi. — Dada.)

Sababu nitakueleza ukifika. Si jambo la kusemwa kupitia mkono wa mtu mwingine.

Baba yako mkubwa


8 Juni

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua yako imenishangaza, na nikisema imeniuma nitakuwa nimesema kweli.

Najibu kama shahidi. Vipimo sijui viliandikwa na nani. Mwezi uliopita alikuja mtu akataka suruali, akazungumza sana, akanisaidia kuinua roli za vitambaa, hakurudi tena. Wateja wa namna hiyo ni wengi. Picha ya Kiongozi sijaiona. Magazeti hayafiki kwetu tangu wauzaji wapigwe.

Kazi siwezi kuikataa. Juzi vijana wa marungu waliuchoma mchana kweupe mlango wa jirani yetu, mshona viatu, kwa sababu alibandika picha ya Kiongozi dirishani. Alisimama barabarani na nyundo yake akitazama viatu vya watu vikiungua, akaniambia, “Nitawaambia nini wenye viatu?” Mtu huyo hajaondoka mtaani. Mimi niondoke kwa sababu ya tumbo la Kiongozi?

Koti limekwisha kukatwa na kuunganishwa. Jana Katibu alikuja kulitazama. Kwa kuwa mwenyewe hayupo, nililivaa mimi. Lilikaa kama ngozi. Katibu alifanya jambo lililonifurahisha: aliniambia niketi kwenye kiti, nimpe mgongo, naye akaenda kusimama ng'ambo ya barabara akanitazama kwa muda. Watu wengi hawajui kwamba koti hupimwa mtu akiwa ameketi pia. Aliporudi alikuwa na machozi. Akasema, “Utalileta kwa njia ya baba yako.” Kasuku akadakia, “Na mimi nitakuendesha kwa njia ya baba yangu, ambaye hakuwahi kuwa na leseni.” Hata Katibu alitabasamu.

Kuna uvumi kwamba Kiongozi ataingia nchini kimyakimya na kuanzia msafara wake dukani kwetu. Sijui nani kauleta. Watu wanapita wakichungulia kana kwamba nimemficha chini ya meza ya kukatia.

Baba Mkubwa, wewe ndiye uliyenisomesha, na ndiye uliyenunua cherehani hii. Naheshimu kila neno lako. Lakini nadhani umri umekutia hofu. Baba alijua wanamwinda Kiongozi, akavaa koti lake kwa hiari yake ili mwenzake avuke mpaka. Ulilisema mwenyewe kaburini mwake, na kila mwaka watu wananisimulia maneno yako. Yeye hakuomba udhuru wa homa.

Nisamehe kama nimevuka mpaka. Nitakuja mapokezi yakiisha, nikuletee kipande cha bitana ya koti uone ilivyo laini.

Mwanao,
Fundi


10 Juni

Katibu,

Hatujaandikiana tangu siku ile, na nilidhani tulikubaliana bila kusema kwamba hatutaandikiana tena. Leo navunja makubaliano.

Kijana huyo ni mtoto wa ndugu yangu. Baba yake ulikwisha kumpata. Tafuta mwili mwingine, au msafirishe mtu wenu kama watu wengine wanavyosafiri.

Hakimu mstaafu


12 Juni

Mheshimiwa Hakimu,

Barua yako nimeipokea kwa heshima na pia kwa huzuni, nilipoona jinsi mwandiko wako ulivyodhoofika. Tafadhali pumzika. Nimeagiza watu wetu wa vizuizini wasilisumbue gari la mitungi. Wakati huu hewa ni kitu adimu, na sitapenda ukose.

Kijana amejitolea kwa moyo mweupe. Tutampa heshima ile ile tuliyompa baba yake.

Kuhusu siku ile, nakukumbusha kwa upole kwamba wazo halikutoka kinywani mwangu. Sijawahi kumwambia mtu. Nawe usijichoshe kwa kuandika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Katibu


13 Juni

Mwanangu,

Hii naandika mwenyewe. Dada yako nimemtuma dawa ambayo najua duka halina, ili akawie. Usihangaike na mwandiko. Yapo mengine ya kuhukumu.

Baba yako hakujitolea. Hakujua chochote. Maneno niliyosema kaburini niliyatunga njiani kuelekea huko, na yalipopokelewa kwa vilio sikupata tena mahali pa kuyarudishia.

Kiongozi alikuwa amejificha nyumbani kwangu, katika chumba ambacho baadaye wewe ulikuwa ukifanyia hesabu za shule. Nani angepekua nyumba ya hakimu? Lakini duara la msako lilikuwa linabana, na ilibidi avuke mpaka. Mimi na Katibu tuliketi mezani tukitafuta jinsi ya kuwavuta askari upande mwingine. Nikasema, kama mtu anayetaja habari za mvua, “Ndugu yangu hulivaa koti la mteja anapolipeleka.” Ni hilo tu nililosema. Katibu akakiweka chini kikombe chake. Baada ya hapo hakuna kati yetu aliyehitaji kusema jambo kwa jina lake. Tulivujisha neno kwamba Kiongozi amelala kwa fundi wake na ataondoka kwa gari jeupe, barabara ya uwanja wa ndege.

Unaliona gari jeupe? Unauona uvumi unaowafanya watu wachungulie chini ya meza yako?

Asubuhi nilikwenda dukani. Baba yako alikuwa anapiga pasi kola, wewe umelala ndani ya kapu la vipande vya vitambaa, mguu mmoja nje. Nikamwambia koti linahitajika kwenye nyumba fulani karibu na uwanja, gari liko nje. Akaniuliza, “Kaka, njia ni salama?” Nikamjibu, “Mimi ningekutuma kwenye hatari?” Akacheka, akalivaa, akajitazama kwenye kioo. “Nikifanana naye hivi,” akasema, “wangenipa na mshahara wake.” Akakurudisha mguu kapuni, akatoka.

Mpango ulikuwa kwamba askari watalisimamisha gari, na mimi nitafika na muhuri wa mahakama niwaambie huyu ni fundi, mwachieni. Ilinipasa kuondoka Katibu akinipigia simu kwamba Kiongozi amevuka. Niliketi ofisini nimefunga kamba za viatu. Simu ikalia: amevuka. Nikasimama. Katibu akasema, “Ngoja kidogo, kuna wenzetu bado wako nyuma yake.” Nikaketi. Mlango haukufungwa na mtu. Gari langu lilikuwa chini ya dirisha. Niliketi, mwanangu, nikapanga kalamu zangu kwa urefu.

Nilipofika hawakuwa wamelisimamisha gari. Walilipiga likiwa kwenye mwendo. Walikuwa wamepewa rangi ya koti, wakapiga koti. Kwa hiyo hata ningewahi, labda ningekuta vile vile. Nimejifariji kwa hilo wakati mwingine, na kila nikijifariji naikumbuka ile hali ya kuketi.

Kisha nilipewa mimi uchunguzi wa kifo chake. Nikaandika: watu wasiojulikana.

Miaka mingi nilijiambia kwamba sikumweleza kwa sababu uso wake haukujua kuficha jambo, angetuharibia. Hayo ni maneno ya hakimu. Sikumweleza kwa sababu nilijua angekataa. Alikuwa na mke, na mtoto kapuni, na haki yote ya kukataa. Nilimnyima haki hiyo kwa kunyamaza, kisha nikamvika ushujaa ili asipate hata nafasi ya kulalamika.

Kama Kiongozi alijua, sijui. Sikuwahi kumuuliza, maana angeweza kunijibu.

Uliandika kwamba baba yako hakuomba udhuru wa homa. Nilisoma mstari huo mbele ya dada yako, nikamwambia nina moshi machoni.

Sasa sikiliza. Vipimo ni vyako kwa sababu koti ni lako. Katibu alikutazama kutoka ng'ambo ya barabara ili aone utakavyoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Usilivae. Usiingie garini. Lichome, litupe, kimbia, fanya lolote. Sikuombi msamaha hapa, usije ukadhani nabadilishana nawe. Nichukie, lakini nichukie ukiwa hai.

Dada yako anafungua lango.

Baba yako mkubwa


18 Juni

Ndugu yangu,

Naandika haraka. Kuna muuguzi anakuja mjini kwa pikipiki mpaka darajani, kisha kwa miguu. Dereva wa mitungi hajarudi, tunatumia mtungi wa akiba.

Jana redio ilisema Kiongozi amefika uwanjani salama. Kisha ikasema gari jeupe limepigwa risasi barabara kuu, na aliyekuwa ndani amekufa. Hawakutaja jina. Baba aliposikia alilivuta bomba la hewa puani kwa mkono wake mwenyewe. Nimelirudisha. Amelivuta tena. Sasa nimemfunga mkono kwa kanga yangu, ananitazama kama mimi ndiye mahakama.

Kuna nini kati yenu? Haniambii. Ananiambia andika neno moja tu, “Ulivaa?” Nimemwambia hilo si swali la kumuuliza mtu ambaye huenda ni maiti. Akasema, “Andika.”

Ulivaa?

Dada yako


19 Juni

Baba Mkubwa,

Sikuvaa.

Utaona sijaanza na shikamoo. Nimeijaribu mara kadhaa, kalamu inakwama.

Barua yako ilifika Ijumaa mchana. Niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaketi chini ya picha ya Baba, kisha nikahama, nikaketi mahali ambapo haniangalii. Nikasema uzee umeila akili yako. Nikachukua futi nikajipima, nikapima koti. Nikamkumbuka yule mteja wa suruali aliyenisaidia kuinua roli za vitambaa. Alinishika mabega kwa utani. Mama watoto naye aliisoma barua yako, akawafungasha watoto bila kusema neno, akawapeleka kwa mama yake. Mimi nikabaki. Nilimwambia nitafuata.

Nilibaki kwa sababu sikukuamini kabisa, na sikuweza kutokukuamini.

Jumamosi asubuhi Kasuku alifika na gari jeupe. Nyuma yake lilikuja gari jingine la walinzi, likasimama mbali. Nikamwambia tumbo limenishika, sisafiri. Akacheka: “Shujaa anaharisha. Nitawaambia nini wazee?” Nikamwambia koti halikunjwi, kwa hiyo atakwenda nalo Bwana Kimya. Nilikuwa nimelivalisha sanamu tayari, kola imeinuliwa, kofia ya zamani ya Baba imekaa juu ya shingo. Kasuku alifurahi kama mtoto. Akalibeba, akaliketisha kiti cha nyuma, akalifunga mkanda. “Mheshimiwa,” akaliambia, “tukisimamishwa, wewe ndiye utakayeongea.”

Kisha akarudi ndani kuomba maji ya kunywa. Tulikuwa wawili tu, walinzi hawasikii. Akanywa glasi nzima, akapangusa mdomo, akaniuliza kama Kiongozi akilipenda koti nitamshonea na yeye suruali ya bei nafuu. Glasi nzima, Baba Mkubwa. Nikasema, “Endesha polepole.” Akasema, “Nikiendesha polepole mama yangu atadhani naumwa.” Akatoka.

Nilijiambia hivi: kama mzee anasema uongo, koti litafika salama na hakuna aliyeumia. Kama anasema kweli, watapiga sanamu. Kiti cha mbele sikukifikiria. Hapana, nilikifikiria. Nilikifikiria nikakiruka, kama fundi anavyoruka mshono asiotaka kuufumua. Ningemwambia, angekataa kwenda, na nisingepata kujua.

Risasi nilizisikia kutoka hapa dukani. Bwana Kimya ana matundu kifuani. Kasuku alipigwa shingoni.

Kiongozi aliingia mjini ndani ya gari la wagonjwa, kwa njia ya nyuma. Nilimwona kwenye televisheni nyumbani kwa mshona viatu, amevaa shati tu. Koti langu lisingemkaa hata kwa kamba. Alitaja damu ya baba yangu, umati ukapiga kelele mpaka kipaza sauti kikakoroma.

Jioni Katibu alikuja. Aliponiona hai aliegemeza fimbo ukutani, akasema, “Umepona. Mungu ni mkubwa.” Akasema Kasuku atazikwa Alhamisi kwa heshima zote, na picha yake itatundikwa karibu na ya Baba. Anataka nisimame kaburini niseme kwamba kijana alijua hatari na akajitolea. Anasema maneno hayo yatamfariji mama yake. Mama yake anafulia watu nguo karibu na kituo cha mabasi. Huyo alikuwa mwanawe wa pekee.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia kwamba mimi si mtoto wako tena. Nimeshindwa kuimaliza barua hiyo, kwa sababu kila sentensi niliyoiandika juu yako ilinitazama mimi.

Usidhani nimekusamehe. Baba aliniacha kapuni, na ni wewe uliyemtoa mlangoni. Lakini sina mwingine wa kumuuliza. Ukisimama pale kaburini, kinywa kinafunguka vipi? Na nikikataa kusema uongo, ninyamaze tu, je, haitoshi? Nataka kuja nikuulize ana kwa ana. Dereva wa mitungi anasema barabara ya huko ikifunguka nitapanda naye.

Fundi


20 Juni

Mwanangu,

Anaandika dada yako. Kabla ya kuanza nimemweleza yote. Amelia, amenuna, amenibadilishia shuka, sasa anaandika.

Uliuliza kinywa kinafunguka vipi. Kinafunguka kirahisi. Hilo ndilo lililonitisha. Nilidhani maneno yatanikwama, lakini yalitoka yamepangika, na mama yako akanishika mkono akanishukuru. Aliendelea kunishukuru mpaka alipokufa. Kila alipopika alinitengea cha kwangu kwanza.

Unauliza kama kunyamaza kunatosha. Mimi nilinyamaza ofisini, nikanyamaza dukani, nikanyamaza nilipokuwa nakufundisha kuendesha baiskeli. Wenye kusema watasema kwa niaba yako, na ukinyamaza utakuwa umetia sahihi.

Nenda kwa mama wa Kasuku. Nenda kabla ya Alhamisi, kabla hawajamvika mwanawe ushujaa na kumfunga mama huyo mdomo kwa heshima. Usiende na mtu. Usibebe zawadi, wala usimpe pesa; pesa niliwapa ninyi miaka yote, na unaona zilichonunua. Mwambie: mwanao hakujua, mimi nilijua, alikuwa mbele yangu anakunywa maji, sikumwambia. Usimweleze mshono ulivyorukwa, hiyo ni hadithi yako. Akikupiga, usizuie. Akikufukuza, ondoka, kisha ukae mahali anapoweza kukupata. Ya Katibu na ya kwangu mwambie vile vile, kwa jina na kwa cheo, na atakayemwambia baadaye mwache amwambie. Nimemwachia dada yako karatasi yenye sahihi yangu kwa atakayehitaji ushahidi. Atakayehitaji mahakama aende mahakamani. Mimi sina tena cha kuogopa kutoka kwa Katibu isipokuwa hewa, nayo imeanza kunichoka yenyewe.

Sasa jambo la mwisho. Dereva wa mitungi amefika leo na mtungi mmoja. Yuko nje anapiga honi, anataka kurudi kabla barabara haijafungwa tena. Anasema anaweza kukuchukua kesho asubuhi na kukuleta huku. Nimeisikia habari hiyo na moyo wangu umeruka, sitakuficha. Ningependa kukuona ukiingia kwa mlango huu, hata kama umekuja kunitemea mate.

Lakini ukipanda gari hilo kesho, utafika kwangu kabla hujafika kwake. Nami nikikuona nitakuomba unisamehe, najijua, na wewe una moyo wa baba yako, huenda ukanisamehe. Kisha tutaketi wawili, tutafarijiana, na Alhamisi itapita.

Usipande. Anzia kwa mama yake. Ukimaliza huko ndipo uje, ukinikuta umenikuta.

Baba yako mkubwa

(Ndugu yangu, mtungi huu si wa wiki nzima. Nimemwambia akuandikie hilo, amekataa. Nimekuandikia mimi, ili uchague ukijua. — Dada.)